Wimbo Uliofunikwa na Wenzake

Mama Aroni wa Kalenga alikuwa na shukrani ya miaka mitatu ambayo ilikuwa haijamfikia mwenyewe. Si kwamba hakuituma. Aliituma, tena kwa wimbo, na jina la mshukuriwa likatajwa humo ndani. Lakini kila alipopiga simu Usangu kuuliza kama imefika, alijibiwa habari za mvua na ng'ombe.

Mambo yenyewe yalianza na lori. Mwanawe Aroni ni dereva, anapeleka mizigo Tunduma na kurudi. Mwaka ule aliacha lami pale Igawa akaingia ndani kwenda kupakia mchele, sehemu ambazo gari ni za kuhesabu, na ukingo wa barabara ulikuwa umelowa. Lori likalala ubavu. Waliofika kwanza walikuwa wafugaji wa Kisukuma, bwana mmoja anaitwa Kashindye na mkewe Mama Kulwa, watu waliohamia bonde lile la Usangu na ng'ombe wao zamani kidogo. Walimtoa Aroni kwenye vioo, wakamlaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Mama Kulwa akachana khanga yake akamfunga paja, akapanda naye, akakishika kichwa chake njia nzima kisigongegonge mbao. Saa tatu kwa mwendo wa ng'ombe. Na mama mzazi alipofika hospitali siku ya pili, alimkuta mwanamke asiyemjua anamlisha mwanawe uji kwa kijiko, polepole, kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Asante ya siku ile aliisema, ila ilikuwa ya machozi, haikueleweka. Mama Kulwa akaikatisha: "Acha, mayu. Hata wewe ungefanya." Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma.

Kwa jinsi Faustina alivyolelewa, na Faustina ndilo jina la ubatizo la Mama Aroni, jambo kubwa halishukuriwi kwa kunong'ona kitandani. Unalishukuru mbele za watu, unalitaja moja moja: ulifanya hiki, ukafanya na hiki. Usipofanya hivyo bado unalo kifuani. Akatunga wimbo. Wenzake wa jumuiya, akina mama wazee wanane, wakaufanyia mazoezi msimu mzima wa kupukuchua mahindi, vidole vinafanya kazi na midomo inaimba.

Mwalimu Eliezeri, jirani yao, ndiye aliyekuja na kinasa sauti. Akakiweka juu ya kigoda katikati ya chumba.

"Kaeni tu mnavyokaaga," akawaambia.

Wakakaa wanavyokaaga, mkubwa mbele na wadogo nyuma. Mkubwa ni Faustina, kwa hiyo alipewa kiti cha mbele kabisa, magoti yakagusa kigoda. Lusia, mwenye sauti inayobeba wimbo wote, alikuwa mdogo wao kwa umri, basi akabanwa nyuma kabisa karibu na mlango. Hakuna aliyeona kosa. Ungemwekaje Lusia mbele ya mtu aliyemzidi miaka kumi na moja? Kazi ya Faustina katika wimbo ilikuwa kupiga vigelegele jina la Mama Kulwa linapotajwa. Na vigelegele vya Faustina, waulize watu wa Kalenga, vinawahi kufika kanisani kabla ya bibi harusi.

Aroni, ambaye kufikia hapo mguu ulikuwa umepona na amerudi barabarani, akaweka wimbo kwenye flash pamoja na nyimbo nyingine ishirini, za kwaya za mjini na za bendi, ili wenyewe Usangu wapate na za kuchezea. Akaipeleka kwa mkono wake.

Wiki mbili baadaye Faustina akapiga simu.

"Mama Kulwa, zile nyimbo mmezisikia?"

"Tumezisikia, mayu. Watoto hawalali."

"Na ule wetu?"

"Upi huo, mayu?"

Akaona haya kuuelezea. Utamwambiaje mtu, kuna wimbo nimekusifu, nenda kautafute? Akasema aha, basi, labda haukuingia, wakaongea habari za mpunga. Baadaye Kashindye mwenyewe ndiye aliyetoa siri bila kujua. Alisema flash ile ni nzuri ila ina mahali patupu. Nyimbo za bendi zikianza zinapiga mpaka ndama wanaruka zizini, basi wanapunguza sauti. Halafu panafika mahali redio inakaa kimya muda mrefu, kunasikika kama upepo tu, na katikati kuku mmoja analia. Wanabonyeza, wanapita kwenda mbele.

Kuku mmoja. Faustina aliweka simu chini, akakaa kwenye kizingiti mpaka jua likahama.

Akaenda Iringa mjini na flash aliyobaki nayo, kwa mtu mmoja mwenye duka la kuingiza nyimbo kwenye simu. Akamweleza kwamba wimbo hausikiki, aupandishe. Mtu yule akaupandisha humo humo. Aliupandisha kweli kweli. Faustina akarudi Kalenga anatembea haraka kama amebeba moto, akawaita wenzake, wakauweka kwenye redio. Sauti ya Lusia ikatoka kubwa lakini ina mchanga ndani yake, kama mtu anayeimba huku anatafuna ugali wa vumbi. Kufika kwenye vigelegele, redio ikatoa mlio uliomfukuza paka nje.

Lusia ndiye aliyeanza.

"Faustina, hivi pale ulikuwa unashangilia au ulikuwa unaburuza bati?"

"Nilikuwa nashangilia."

"Mimi kama ningekuwa huyo Mama Kulwa, ningeuliza nimewakosea nini watu wa Kalenga."

Wakacheka mpaka wakafutana machozi, na Faustina alicheka nao, lakini alipobaki peke yake hakucheka tena.

Hapo ndipo ikaja habari ya harusi. Kulwa, binti wa Mama Kulwa, yule pacha wa kwanza, anaolewa, na watu wa Kalenga wanaitwa. Faustina akasema basi. Watu wote watakuwa pale, wa ukoo na wa jirani. Shukrani isipofika siku hiyo haitafika tena, maana yeye na miguu yake hajui kama atavuka Igawa mara nyingine.

Aroni akamwambia yuko fundi mmoja Mbeya, pale Mwanjelwa, mzee Lutengano, aliyekuwa anatengeneza redio tangu enzi za kanda na sasa anashughulika na nyimbo za kompyuta. Watangulie kwake, halafu warudi nyuma mpaka Igawa kwenye harusi. Siku mbili kabla, Faustina akapanda lori la mwanawe. Nyuma ya viti palikuwa na vikapu vitatu vya nyasi za milulu alivyosuka mwenyewe, na matenga ya nyanya na vitunguu ambayo Aroni aliyachukua Ilula alipokuwa anatoka Dar.

Walipopita Mafinga Faustina akamgeukia mwanawe.

"Kitendawili."

"Mama, naendesha."

"Unaendesha kwa mdomo? Kitendawili."

"Tega."

"Nimemtuma mgeni mmoja kwa watu mia, na kila mmoja kampata mzima."

Aroni akawaza mpaka magari mawili yakawapita. "Jua."

"Jua wengine wako kivulini."

"Mvua."

"Mvua unaweza kuingia ndani. Nipe mji."

"Chukua Makambako."

"Upepo wa Makambako niufanyie nini? Sitaki."

"Haya, chukua Tukuyu."

"Tukuyu nimeenda, nimekula ndizi, nimelowa, nikarudi. Jibu lake ni wimbo. Wimbo hawagawani kama nyama." Akatazama nje ya dirisha. "Ila huu wangu umemfikia nani? Hata mmoja bado."

Aroni akabadilisha gia.

Fundi Lutengano alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, sweta lake lina matundu kwenye viwiko. Akainuka kwenye kiti walipoingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekuletea mgonjwa."

Akachukua flash ya Iringa, akaichomeka kwenye kompyuta, na kabla hajausikiliza wimbo akaufungua kwenye kioo ili autazame. Faustina hakujua kwamba wimbo unatazamwa. Sauti ilikuwa imechorwa pale, inaanza kushoto inaenda kulia, ungesema ni milima, ila haina vilele. Juu kote kumenyooka, sawasawa, kama kumepigwa rula.

"Hii ni chai," Faustina akasema.

"Chai gani, mama?"

"Chai ya Mufindi. Nimechuma usichana wangu wote. Mashamba yanakatwa hivi hivi, juu sawa, unaweza kuweka sahani isianguke."

Lutengano akamtazama mara ya pili, kama watu wanavyotazama mtu aliyewapita mtihani. "Ndivyo hasa. Aliyeupandisha alizidisha, vilele vikagonga juu, vikakatwa. Hivyo vilivyokatwa ndivyo vinavyokwaruza sikioni. Tofauti ni moja tu: chai ikikatwa inachipua. Hii haichipui. Nikishusha sauti sasa hivi, nitapata shamba lile lile lililokatwa, limeenda chini tu. Ninahitaji wimbo kama ulivyokuwa kabla huyu hajaugusa."

Faustina akampigia Mwalimu Eliezeri. Mwalimu akaomba radhi mara tatu. Kinasa kilijaa, alifuta vyote mwezi wa sita, alijua wanao wenyewe. Na ile flash ya Usangu, Kashindye alikuwa ameshasema kwamba mahali patupu wamepafuta, wakaweka nyimbo nyingine.

Faustina akaiweka simu mapajani. Dukani palikuwa na sauti za mafundi wa jirani wanagonga chuma. Akaanza kukunja khanga yake kingo kwa kingo kama anajiandaa kuondoka.

Aroni akatoka nje. Wakamsikia anapanda kwenye lori, anashuka. Akarudi na kadi ndogo ya redio ya gari kati ya vidole viwili.

"Nilinakili kabla sijaipeleka ile flash," akasema. "Haujaguswa."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza, mama."

"Unausikiliza?"

Aroni akajikuna shingo. Mtu wa miaka arobaini na mbili, na alikuwa na sura ya mtu aliyeshikwa jikoni. "Nikifika Igawa. Kila safari."

"Na unasikia kitu?"

"Naongeza volyumu mpaka mwisho. Halafu naipunguza haraka kabla wimbo wa bendi haujaanza. Siku moja nilichelewa, nikajimwagia chai mapajani."

Faustina alimtazama mwanawe. Miaka yote mitatu alidhani Aroni hapendi kukumbushwa.

Lutengano akaichukua kadi, akaufungua wimbo. Safari hii palikuwa na vilima vidogo, vya chini, vimelala kama Kalenga yenyewe ukiitazama toka barabarani. Katikati yake kimesimama kitu kimoja kirefu, chembamba, kinakaribia kugusa juu.

"Huyu mlima Rungwe katokea wapi?" akauliza, akabonyeza. Vikatoka vigelegele.

Faustina akajifunika mdomo. "Ni mimi."

"Ulikaa karibu na kinasa?"

"Nilikaa mbele. Mimi ndiye mkubwa wao."

"Na huyu anayeimba?"

"Lusia. Yeye mdogo, alikuwa mlangoni."

Fundi akacheka taratibu, bila dharau. Akamsogezea kiti. "Mama, nimesikia mwanao anasema unapenda vitendawili."

"Kasema lini?"

"Wakati unapiga simu. Kitendawili."

"Tega," Faustina akasema, na mgongo ukanyooka wenyewe.

"Nyumba yangu paa lake halitoboki wala haliinuki. Wote waliomo husimama pamoja na hukaa pamoja. Anayezidi paa hukatwa kichwa."

Akawaza. Akatazama kioo, vile vilima na ule mlima. "Ni humo ndani," akasema. "Ni hiyo sauti ndani ya kompyuta."

"Sina haja ya kuomba mji. Ndiyo hiyo. Ninapoupandisha wimbo wanapanda wote kwa kipimo kimoja, Lusia na wewe. Lusia bado yuko chini sana, lakini wewe umeshafika kwenye paa. Yule wa Iringa hakukuangalia wewe, alimwangalia Lusia peke yake. Mimi nikikuangalia wewe, wimbo hauwezi kupanda hata hatua mbili."

"Kwa hiyo anayeuzuia ni mimi."

"Ni vigelegele."

"Vigelegele ni mimi, baba. Basi nitoe. Nikate, wimbo upande. Si lazima nisikike mimi, asikike Lusia, ndiye anayetaja mambo."

Lutengano akarudi kwenye kompyuta. "Ninaweza kujaribu kukukandamiza wewe peke yako," akasema. "Sikukati, nakukandamiza." Akachezea vitu kwenye kioo, akabonyeza tena. Lusia akapanda, akasikika. Vigelegele vikaja, vidogo, kama vya mtu aliyefungiwa stoo na blanketi kichwani.

Wakamtazama Aroni, maana alikuwa ametikisa kichwa.

"Huyo siyo mama," akasema. "Wimbo unasema Mama Kulwa, Mama Kulwa, halafu mtu anashangilia kama anaogopa kuamsha mtoto. Hapana."

"Aroni, nyamaza, fundi anajua."

"Fundi anajua nyimbo. Mimi ndiye niliyelala kwenye mkokoteni."

Lutengano akarudisha kama ulivyokuwa. Akakaa amekunja mikono, akaitazama orodha ya nyimbo zile nyingine ishirini. Akazifungua moja moja. Za bendi zilikuwa zimejaa kutoka chini mpaka juu, tofali tupu. Za kwaya za mjini vile vile.

"Sasa sikilizeni," akasema. "Tumekazana kumpandisha huyu mpole. Kwa nini tusiwashushe wenye makelele?"

Faustina akashtuka kidogo. "Si tutaharibu nyimbo za watu?"

"Ukishusha huharibu kitu. Kinachoharibu ni kugonga paa, na hakuna anayegonga paa akienda chini. Kompyuta itaupima kila wimbo, siyo kwa kilele chake, bali kwa jinsi sikio linavyousikia toka mwanzo mpaka mwisho. Halafu nawaweka wote wakae sawa na akina mama wa Kalenga. Mwenye redio akitaka makubwa, ataongeza volyumu mara moja tu, wapande wote pamoja."

"Na mimi?"

"Wewe ubaki na mlima wako."

Akauliza redio ya Usangu ni ya namna gani. Aroni akamweleza: ndogo, nyekundu, inachajiwa kwa sola, ina tundu la flash pembeni. Fundi akasema redio kubwa za mjini zingetosha kuandikiwa maagizo pembeni ya wimbo, huyu shusha nane, huyu shusha saba, nazo zingetii. Lakini hizi ndogo hazisomi maagizo ya mtu. Kwa hiyo aliandika kipimo ndani ya kila wimbo wenyewe, na namba ya kuurudisha akaihifadhi, ili siku mtu akitaka uwe kama zamani urudi bila kupoteza kitu. Akazipima zote ishirini na moja. Wimbo wa bendi ulioongoza ukashuka desibeli kumi na moja. Kwaya moja ikashuka nane. Wa akina mama ukapanda moja na nusu, kichwa cha vigelegele kikabaki chini ya paa, padogo, pa kupitisha ukucha.

Halafu akafanya jambo ambalo Faustina alikuja kulisimulia Kalenga mara nyingi. Alishusha kwenye rafu redio ndogo inayofanana na ile ya Usangu, akachomeka flash mpya, akamgeuzia Faustina kiti atazame ukuta.

"Mama, zitapita nyimbo nne. Ukijisikia hamu ya kuinuka ukaguse volyumu, iwe kupunguza au kuongeza, nyoosha mkono."

Faustina akakaa anatazama ukuta, mikono kwenye magoti. Ukapita wa bendi. Ikapita kwaya. Ukaja wa kwao. Sauti ya Lusia ikaingia chumbani kama mtu anayepita mlango wazi, wala hakuna aliyemsukuma. Akasikia maneno yote. Akasikia hata yule mama wa pembeni anayekosea kibwagizo kila mwaka. Vikaja vigelegele, virefu, safi, na yeye mwenyewe akaona aibu tamu. Ikafuata bendi nyingine, na magoti yake hayakuruka.

"Hukunyoosha mkono," fundi akasema.

"Nilisahau kama ninao." Akageuka. "Baba, nikushukuru kwa nini?"

"Umeshanishukuru. Miaka yote watu wanaingia hapa na neno moja, pandisha. Wewe umekubali nishushe." Akampokea kikapu kimoja cha milulu kwa mikono miwili, akakitazama msuko wake kwa makini kama alivyotazama wimbo. "Ndaga, mama. Ndaga fijo." Kwa Kinyakyusa hapo ameshukuru sana.

Walifika kwa Kashindye kesho yake mchana, siku moja kabla ya harusi. Boma lilikuwa limejaa watu. Akina mama wamekaa kwenye mkeka mkubwa wanapepeta mchele, na Mama Kulwa yuko katikati yao, ungo mapajani. Alitaka kuinuka, Faustina akamzuia kwa bega, akakaa naye. Wakasalimiana kwa muda mrefu, watoto, mifugo, miguu, maji. Faustina hakutaja wimbo. Alimpa Kashindye flash tu, akasema ni nyimbo za kusaidia kazi.

Kashindye akaichomeka kwenye redio nyekundu iliyokuwa juu ya gogo. Wa bendi ukaanza. Kwa mazoea yake mwenyewe akanyoosha mkono kupunguza kabla ndama hawajaruka, akakuta hakuna cha kupunguza. Akabaki ameshika kile kitufe, anasikiliza, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Kisha akauondoa mkono, akaenda zake kuangalia kuni.

Faustina alikuwa anachambua mchele bila kuuona. Ukaisha wa bendi. Ukaja wa kwao.

*Mama Kulwa wa Usangu,
khanga yako moja ulichana,
kichwa cha mwanangu ukashika,
mbao zikagonga mkono wako.*

Ungo wa Mama Kulwa ukasimama. Mwanzo alitazama pembeni, kana kwamba aliyemwita yuko nyuma yake. Akina mama wengine nao wakasimama, mmoja baada ya mwingine, mpaka mkeka wote ukawa hauna mlio wa mchele. Kikaja kigelegele cha Faustina kwenye redio, kikapaa juu ya boma, na akina mama watatu wakakijibu bila kuambiwa.

Wimbo ulitaja yote. Uji ulitajwa, kijiko kilitajwa, ng'ombe wawili waliovuta walitajwa. Ulipoisha Kashindye alikuwa amesharudi, akaizima redio kabla wimbo mwingine haujaingia.

"Nani aliwaambia kwamba mbao zilinigonga mkono?" Mama Kulwa akauliza. "Sijamwambia mtu. Hata huyu bwana."

"Mimi," Aroni akasema. Alikuwa amesimama na tenga la nyanya begani. "Nilikuwa nasikia."

"Ulikuwa umefumba macho. Nilikuita hukuitika."

"Kuitika nilishindwa. Kusikia nilisikia. Ulikuwa unasema kitu njia nzima, polepole, karibu na sikio. Sijui Kisukuma, lakini nilijua ukinyamaza na mimi nitalala."

Mama Kulwa akaweka mkono kwenye shavu. "Nilikuwa nataja majina ya ng'ombe," akasema. "Sikuwa na maneno mengine, mayu. Ningemwambia nini mtoto wa watu? Nikataja ng'ombe wetu wote, wa maziwa na wa kulima. Walipoisha nikaanza wa jirani."

"Wa jirani gani?" Kashindye akauliza.

"Wote."

Mkeka mzima ukaangua kicheko, na katikati ya kicheko kile Mama Kulwa alikuwa analia, hajifichi, machozi yanaingia kwenye mchele. Faustina hili la ng'ombe alikuwa hajawahi kulisikia. Alikuja kutoa, na hapo hapo anapewa jingine. Akamshika ule mkono, wa kulia, akaugeuza, akaukuta ukiwa na alama ndogo nyeupe juu ya kifundo. Akauweka kati ya viganja vyake.

"Wabeja," akasema. Neno hilo la kusema asante kwa Kisukuma alikuwa amefundishwa hospitalini miaka mitatu iliyopita na hakupata pa kulitumia. "Wabeja, Mama Kulwa. Kwa khanga, kwa mkono, kwa uji. Na kwa ng'ombe, ambao nimewasikia leo."

Mama Kulwa safari hii hakuikatisha. Alingoja mpaka neno la mwisho, akainamisha kichwa. "Nimeipokea, mayu," akasema. "Yote." Akamwambia mumewe kesho, Kulwa akitoka ndani, wimbo wa kwanza uwe ule. Kashindye akauliza aongeze sauti kiasi gani, maana watu watakuwa wengi.

"Ongeza unavyotaka," Aroni akasema, akashusha tenga chini.